Gauni Lililokwenda Muze Kukauka

Baridi ya Ufipa ya siku hizi si baridi, ni upepo tu umekosa kazi. Baridi yenyewe ilikuwa ile ya zamani, enzi za vijiji vya ujamaa. Mwezi wa saba jogoo alikuwa anawika nusu, nusu nyingine inamgandia kooni, anakuja kuimalizia saa nne jua likishapanda. Ukimwamkia mtu mzima asubuhi, marahaba yako ulikuwa unaipata mchana. Mke wangu anasema naongeza chumvi. Naongeza kidogo tu, ile ya kuonja.

Basi ni katika baridi hiyo ndipo nilipotakiwa nimvike mama mkwe.

Kwetu ukichukua binti, mbuzi na majembe ni ya baba na wajomba. Nguo ni ya mama, kwa ajili ya ule mgongo aliombebea mtoto. Na hupeleki kitambaa ukasema mtashona wenyewe. Unapeleka gauni limekwisha, mama analivaa siku hiyohiyo mbele ya watu, halafu anamshika binti yake mkono na kumtoa. Asipolivaa, hajatoa. Mnarudi kwenu na ngoma zenu, mkacheze na mbuzi.

Sasa ilikuwa ile miaka vitu vimekimbia. Sabuni ilikuwa hadithi ya kuwasimulia watoto. Niliwahi kumwona mtu na heshima zake kavaa gunia, kalikata mikono, na watu wanamuuliza amelipata wapi. Mimi nikatoka kijijini kwetu, kule ukingoni unakoanza kuteremkia bonde la Rukwa, nikaenda Sumbawanga mjini kutafuta kitenge. Nikaingia kwa mzee mmoja wa Kiislamu, duka lake kubwa, rafu zimejaa upepo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kama umekuja kuuliza kitenge, kaa kwanza unywe kahawa, upate nguvu za kusikia jibu."

Nikakaa. Nikanywa.

"Hakuna," akasema. "Mimi mwenyewe kitenge nimesahau hata sura yake. Kikija hapa leo, nitakikaribisha kama mgeni. Nina marekani."

Marekani ni ile nguo nyeupe pee, ya kitambaa kizito. Nikachukua, maana kulikuwa na watu nyuma yangu kwenye foleni wananitazama kama wanaotazama nyama. Nikarudi nayo kijijini nimeikumbatia, moyo umetulia. Nimepata nguo bwana! Nikaingia kwa shangazi yangu, ndiye aliyenilea na ndiye alikuwa na cherehani ya mkono, nikamwekea mapajani.

Shangazi akaitazama. Akanitazama. Mimi nina jina la baba yake, kwa hiyo hata akinitukana alikuwa ananiita baba.

"Baba, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nguo ya mkwe hiyo."

"Unataka kumvika mama wa watu sanda? Siku ya harusi? Anaingia ndani kuvaa, akitoka tunamzika?"

Ni kweli, marekani nyeupe ndiyo tunayozikia. Ukimpelekea mkwe, umemwambia mama, muda wako umefika. Tena mama mkwe mwenyewe, kule kwao Malangali, alishampa shangazi ujumbe ulionyooka: "Mwambieni kijana wenu nataka gauni la maua, lenye rangi. Kama hana, aseme mapema. Kuna utingo wa lori la Zambia anapita hapa kila wiki, na vitenge vya kule anavijua."

Huyo utingo nilikuwa namjua. Alikuwa na viatu. Na harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Nikakaa chini pale mlangoni, kichwa mikononi. Shangazi naye ananitazama. Mara akauliza:

"Hiyo rangi kwenye kaptula yako ni ya lini?"

"Ipi?"

"Hiyo ya kijani, hapo nyuma."

"Ya masika ya mwaka juzi."

"Na kaptula unaifua?"

"Naifua."

"Kweli?"

"Shangazi, naifua!"

"Na rangi haitoki."

"Haitoki."

Akaanza kucheka peke yake. Nikadhani baridi imempanda kichwani.

Ngoja niwaeleze kazi yangu. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa ghala la kijiji. Mahindi yakishapimwa na gunia kushonwa mdomo, linakuja kwangu. Nina kibati kimetobolewa maandishi. Nakilaza juu ya gunia, nachovya brashi fupi kwenye rangi ya mafuta, nagongagonga, nainua kibati, maandishi yanabaki. Yalisema nini mimi sijui, shule niliipita kwa nje nikienda kuchunga. Ila hakuna gunia hata moja lililowahi kulalamika.

"Kama unaweza kupiga chapa kwenye gunia," shangazi akasema, "kwenye marekani unashindwa nini? Badala ya maandishi tutoboe maua."

Kwanza vipimo. Mkwe hapimwi kwa kamba. Mimi hata usoni sikuruhusiwa kumtazama, nikimwona njiani naingia porini. Shangazi akafunga safari hadi Malangali, akamkuta mama yule anaanika maharage, akamkumbatia. Akamkumbatia tena. Akazungusha mikono kiunoni, akapandisha mabegani, akashusha. Mama wa watu akashtuka.

"Dada, kuna msiba kwenu?"

"Hakuna, nimekukumbuka tu."

"Mbona jana kanisani tulikuwa wote?"

Shangazi akarudi mbio kanyoosha mikono mbele, kaiacha vilevile alivyomzungushia, hataki kipimo kipotee. Watu njiani wakimsalimia anajibu kwa nyusi. Alipofika akasema, "Lete kamba upesi, nimechoka kumbeba huyu mama."

Rangi tulipata kwa katibu wa kijiji. Milango ya ghala ilikuwa imepakwa, nusu kijani, nusu maruni, makopo yamebaki na utando chini. Katibu akasema, "Chukueni. Mkikamua kitu humo ndani, nyinyi ni waganga." Tulikamua. Tulimimina mafuta ya taa kidogo, tukakoroga kwa kijiti, rangi ikaamka.

Kibati tulikata kwenye debe la zamani. Shangazi akachora ua la alizeti kwa mkaa, mimi nikalitoboa kwa patasi juu ya gogo. Kazi hii ina siri moja. Huwezi kukata duara zima, maana katikati itadondoka ubaki na tundu. Lazima uache vijidaraja vya bati, vishike katikati isianguke. Mimi kwa woga niliacha vijidaraja vingi, tena vinene kwa sababu patasi ilikuwa butu. Nilipomaliza nikakiinua juu.

"Hili ni ua?" shangazi akauliza, kainamisha kichwa.

"Alizeti."

"Sawa. Alizeti iliyokula ugali."

Tukabandua mlango wa nyumba, tukaulaza chini, tukatandika marekani juu yake na kuibana kwa misumari. Brashi ya gunia ilikuwa kubwa, kwa hiyo tulichukua kipande cha kamba ya katani, tukakichambua ncha na kukifunga kwa uzi. Unachovya kidogo. Unaifutia kwanza kwenye gazeti kuukuu, inabaki kama imekauka, ndipo unagonga, wima, hupaki kwenda na kurudi. Ukizidisha rangi inatambaa chini ya kibati, ua linaota ndevu. La kwanza liliota ndevu. La pili likawa na masharubu tu. La tatu, jamani, lilikaa pale kama limechumwa shambani likawekwa. Shangazi alipiga kigelegele majirani wakaja na majembe wakidhani kuna nyoka.

Siku mbili zile sizisahau. Yeye anashika kibati, mimi nagonga, ua kijani, ua maruni. Nyumba haina mlango, upepo unapita humohumo, na wala hatuusikii. Harufu ya ile rangi na mafuta ya taa hadi leo nikiikuta kwenye nyumba ya mtu inayopakwa, nasimama. Watu wananiuliza nimepotea? Ndiyo, nimepotea, niacheni kidogo. Shangazi alikuwa anaimba kwa Kifipa, wimbo ule wa kupepeta ulezi, na kila akifika kwenye kiitikio analegeza kibati, nami namfokea, naye anasema, "Gonga baba, usinisumbue, maua yanapenda kuimbiwa."

Tukamaliza. Tukaianika.

Haikukauka.

Asubuhi tunaikuta na umande kama imetoka mtoni. Mchana jua linatoka kutusalimia, linarudi kulala. Ukigusa ua, linakuja na kidole. Kuku mmoja wa shangazi alipita juu yake, akazunguka kijiji kizima na miguu ya kijani, na popote alipokanyaga aliacha chapa, hata kwenye kizingiti cha kanisa. Tukaisogeza jikoni karibu na moto. Moshi ukaanza kuila, na kwa yale mafuta ya taa tukaona tutachoma mkwe, harusi na nyumba kwa pamoja. Ikafika Jumatano. Jumamosi harusi, gauni halijakatwa, nguo mbichi kama maziwa.

"Jua limehama huku juu," shangazi akasema. "Limeteremka Muze. Tulifuate."

Muze iko kule bondeni, upande wa ziwa Rukwa. Huku juu tunavaa makoti mawili, kule ukiondoka na yai mkononi unafika nalo limeiva, unatafuta chumvi tu. Lakini nguo mbichi huwezi kuikunja, maua yote yatapigana busu na kuharibika. Tukafunga mwanzi huku na mwanzi huku, tukaiwamba katikati. Shangazi mbele na mwanzi wake, mimi nyuma na wangu, nguo iko hewani imetanda kati yetu. Tukaondoka alfajiri.

Pale ukingoni upepo ulituchukua. Mke wangu anasema haiwezekani, lakini hakuwepo. Shangazi alinyanyuka nikaona nyayo zake. Nikavuta mwanzi wangu kumrudisha chini kama mtu anayevuta ng'ombe, naye anapiga kelele, "Usiniachie baba, mimi sijui kutua!" Tulishuka ule mteremko kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu, lakini ile nguo haikugusa hata jani.

Chini kule njia inapita katikati ya shamba la kijiji. Watu wote walikuwa shambani siku hiyo, kazi ya pamoja, majembe yanapanda na kushuka. Wakatuona. Majembe yakabaki juu.

Hapa lazima muelewe. Enzi zile kitambaa kikipita kwenye miti miwili, ni maandamano. Hakuna mtu aliyekuwa anatembeza nguo kwa miti miwili bila jambo la serikali. Na hawa watu wa bondeni walikuwa wameahidiwa trekta. Walikuwa wanalisubiri misimu na misimu, wamelijengea banda, wamechagua dereva, wamelitungia wimbo kabisa. Sasa wanatazama wanaona kitambaa, na kwenye kitambaa yamejaa yale maalizeti yangu ya vijidaraja vinene. Wao hawakuona alizeti. Waliona magurudumu.

Mzee mmoja akatoka mbio, jembe begani.

"Limefika wapi?"

"Shikamoo mzee," nikasema. "Nini?"

"Marahaba, marahaba. Limefika wapi? Liko mtelemkoni?"

"Liko nini?"

"Acha kuficha kijana, magurudumu tunayaona!"

Kabla sijafungua mdomo wimbo umeshaanza. Kijiji kizima kimetoka shambani kikajipanga nyuma yetu, kina mama wanapiga vigelegele, watoto wanatangulia kufagia njia kwa matawi. Shangazi huko mbele akanyoosha mgongo. Niliona kabisa jinsi shingo yake inavyorefuka. Alitembea kama ameajiriwa. Nikamwita kwa sauti ya chini, "Shangazi, waambie." Akanijibu bila kugeuka, "Nyanyua mwanzi wako, unaburura."

Tukaingia Muze na watu nyuma yetu hadi nisione mwisho. Kama walikuwa kijiji kimoja wakati tunaanza, wakati tunafika walikuwa wilaya. Kwenye uwanja balozi wa nyumba kumi akanyamazisha watu, akasema wageni wazungumze. Jua lile linachoma, jasho linanishuka, naona kabisa tunapigwa leo.

Shangazi akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Ndugu wananchi," akasema. "Trekta hatujaliona. Hili ni gauni la mkwe wetu, limekataa kukauka kule juu kwenye baridi. Tumekuja kuwaomba jua."

Hata mbuzi walinyamaza. Halafu yule mzee wa jembe, aliyeanza yote, akasogea, akaweka pua karibu na ua moja, akalikagua sana.

"Kwa hiyo haya ni nini?"

"Alizeti," nikasema.

"Nani kazichora?"

"Mimi nilitoboa."

"Kijana," akasema, "ukipata watoto usiwachore."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Kuna mama alicheka akakaa chini, akashindwa kuinuka, wakamwacha. Na kwa kuwa shamba walishaliacha na wimbo walikuwa nao, waliendelea kuuimba, wakatoa neno trekta wakaweka neno gauni. Nguo ikaanikwa juu ya jiwe kubwa, watu wakakaa zamu kufukuza kuku. Tukapewa wali na samaki wa ziwani. Jua likaifanya ile kazi kwa mchana mmoja. Jioni niligusa ua, kidole kikarudi kitupu.

Ila jua la Muze halina kiasi. Nguo ilikauka ikawa bati. Shangazi aliposhona, sindano zilikatika moja baada ya nyingine, na gauni lilipokamilika alilisimamisha sakafuni likasimama lenyewe, mikono imefunguka, kama mtu anayesubiri kukaribishwa ndani.

Jumamosi tukawa Malangali. Ngoma, vigelegele, wajomba wamejaa. Mimi nimewekwa mbali chini ya ukuta, kichwa chini, simtazami mkwe, nasikiliza tu kwa masikio. Nikasikia ngoma zinanyamaza. Shangazi anakabidhi. Kisha nikasikia pua. Mtu ananusa.

"Hii inanuka taa," sauti ya mama mkwe ikasema.

Nikasikia gauni linageuzwa.

"Na haya ni nini? Magurudumu?"

"Alizeti, mama," shangazi akasema, na shangazi yangu ambaye haogopi chui, sauti ilikuwa ndogo.

Kwa mbali barabarani nikasikia lori linapiga honi. Niliona kaptula yangu, niliona viatu vya utingo.

"Hebu ngoja," mama mkwe akasema. "Jana sokoni yule mama wa samaki kutoka Muze kaniambia kuna nguo ilishuka bondeni, kijiji kizima kikaacha majembe kikaisindikiza kwa nyimbo. Nikamwambia mwongo wewe, lete samaki. Alisema ilikuwa na magurudumu."

Shangazi akakohoa. "Alizeti, mama."

"Ni hii?"

"Ndiyo hii."

"Waliiimbia?"

"Kutoka shambani hadi uwanjani. Wakaifagilia njia."

Nikasikia miguu inaingia ndani. Mlango ukafungwa. Ukakaa umefungwa muda ambao ningeweza kulima ekari. Ulipofunguka, vigelegele viliangusha jani la mgomba. Nikavunja adabu, nikanyanyua jicho moja. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni ndani ya gauni, maua kijani na maruni kuanzia shingoni hadi miguuni, limemkaa sawasawa, maana shangazi alikumbatia vizuri. Akawaambia wageni wote waliokuja, hata wale ambao hawakuuliza: "Hii nguo iliandamaniwa."

Sasa utaratibu ni kwamba mama anakaa kwenye mkeka, binti anakaa mbele yake, wanawake wanatoa maneno ya kumwasa, na maneno hayo kwetu huanza asubuhi yakaisha watu wameota mvi. Mama mkwe akajaribu kukaa. Gauni likakataa. Akapinda goti, gauni likalia kraa, kama bati linakunjwa. Akajaribu upande. Likakataa. Wajomba wakaanza kutazama pembeni, mabega yanacheza.

"Basi," akasema kwa heshima zote. "Nitamtoa nimesimama."

Akamshika binti yake mkono, akamwambia neno moja sikioni, akamtoa. Hotuba zote zikafutika, nani amhutubie mama aliyesimama wima kama mlingoti? Hiyo ndiyo ndoa pekee Ufipa nzima iliyokwisha chakula kikiwa bado cha moto.

Lile gauni alilivaa miaka na miaka. Kidogo kidogo lililainika, rangi ikaanza kubanduka. Akicheka sana petali moja inaruka, wajukuu wanaokota. Utingo sijui aliishia wapi. Trekta nalo lilikuja siku moja, likakaa bandani, lakini wimbo wake ulishakuwa wa harusi, wakakosa cha kulipokelea.

Kibati kiko jikoni kwangu. Mke wangu alikipigilia kwenye tundu la ukuta kutolea moshi. Asubuhi jua likipita humo, ua la alizeti linakaa kifuani kwangu nikinywa chai. Nimemuuliza mara nyingi, lile neno moja mama yake alimwambia nini sikioni. Juzi ndiyo kanijibu, baada ya miaka yote hii, huku anachochea moto.

"Aliniambia, 'Nenda upesi, linanikata kwapani.'"